Mwangaluka, Mtendaji

Mama aliteleza kwenye jabali la kuanikia dagaa,
nyonga ikavunjika, na kabla hatujampakia kwenye bajaji
alinishika ukosi wa shati:
"Shija, nyumba ukitaka funga, ukitaka acha wazi.
Ila bata bukini wangu..."

Hakumalizia.

Nikafunga kibanda changu cha simu pale Mlango Mmoja,
nikahamia Luchelele na begi moja na bisibisi zangu,
kulea ndege saba wenye shingo ndefu kuliko subira yangu.
Dume lao anaitwa Mtendaji,
maana hakuna apitaye pale bila kuhojiwa.
Mimi alinihoji kwenye goti, kisha kwenye paja,
majike nyuma wakishuhudia kama makarani.

Jioni simu inalia kutoka Bugando.
Haniulizi nimekula nini.
"Maji umebadilisha? Si ya kunywa tu,
ya kuzamisha kichwa. Wasipoosha macho yanaoza."
"Unawapa pumba tupu? Wale si kuku,
wale ni ng'ombe waliopewa mabawa. Wapeleke wakachunge."
"Nyasi za kulalia ni kavu? Bata akilala kwenye unyevu
asubuhi utamkuta anachechemea kama mimi."
Kicheko, kikohozi, halafu sauti ya muuguzi.

Holo amelalia mayai sita
kwenye upenyo wa mawe mawili, nyuma ya choo.
Kajinyonyoa manyoya ya kifua, akatandika,
na akienda kunywa anayafunika
kama mtu afunikavyo ugali wa anayechelewa.
Kila siku nachora mstari wa mkaa ukutani.
Siku thelathini, alisema mama.
Daktari naye alisema thelathini.
Sikujua tena mkaa ule unahesabu nini.

Usiku wa kumi na saba Mtendaji alipiga ukelele
mpaka mbwa wa Malimbe wakaitikia.
Nikatoka na tochi na bukta:
kenge, mrefu kama benchi la kanisani,
ulimi nje, anaonja harufu ya mayai.
Na yule dume niliyemlaani kutwa
kasimama katikati, mabawa wazi, mweupe kama shuka la wodini.
Nilirusha ndoo. Nilirusha kandambili.
Kenge akarudi ziwani taratibu
kama mtu aliyeghairi kununua.

Asubuhi nikamwambia Mtendaji asante.
Akanisonya.

"Wewe huwa unawafanyaje?" nikamuuliza mama.
Kimya. Halafu, kama mtu atoaye siri ya ukoo:
"Huwa nawasalimia."
Kumbe siku zote nimefungua banda
kama askari wa mahabusu: toka, toka, toka.
Kesho yake nikasema "Mwangaluka,"
kwa Kisukuma changu cha mjini chenye kutu.
Akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja.
Hakuniuma. Sisemi kwamba alinipenda.

Vifaranga watano walitoka; yai la sita lilikuwa maji.
"Lizike mbali," mama alisema, "Holo asione.
Na ziwa bado, hao hawajajua kujipaka mafuta."
Basi mwanamume wa miaka arobaini na mbili
nikawaogesha kwenye beseni, maji ya kufika kifundoni,
nikawakausha mmoja mmoja kwa kanga ya mama
yenye maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya watu.

Alirudi siku ya arobaini na moja,
kwa magongo, amekonda, ananuka dawa.
Mtendaji akalaza shingo chini, akamjia mbio.
Nikashika ufagio.
"Wacha," mama akasema.
Akaegemea gongo moja, akavuta pumzi:
"Mwangaluka, Mtendaji."
Saa kumi na mbili jioni, jua linaingia mawe,
na yeye anatoa salamu ya asubuhi.

Dume akasimama. Shingo ikapanda polepole,
kisha akatoa sauti ndogo ambayo mimi,
kwa siku zile zote, sikuwahi kupewa.

Mama alikuwa amekwisha kuinama kwenye karai.
"Maji haya," akasema,
"umebadilisha lini?"