Kopo la Ghorofa ya Tatu

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sufuri,
ndani ishirini na tano, maana jengo halina madirisha
na maturubai yanapigapiga kila upepo ukiamka.
Winnipeg haibembelezi mtu.

Mimi Rodelio, fundi bomba. Wiki hii kazi yangu ni kung'oa.

Jengo lilisimamishwa na madalali wa ngano
mwaka ule wa kumi na mbili, kwa mawe ya chokaa
yenye konokono ndani yake, konokono wa bahari
iliyokauka kabla hajazaliwa wa kuipa jina.
Madalali hawakugusa punje.
Waliuza ngano isiyopandwa kwa mtu asiye na ghala,
naye akaiuza kabla ya chai ya saa nne.

Ngano ilipohama wakaingia watu wa bima,
kisha daktari wa meno, kisha mshona sare,
kisha njiwa, miaka ishirini na moja, bila kulipa kodi.
Sasa zitakuwa nyumba themanini na mbili,
sakafu ya zamani ikisuguliwa mpaka ing'ae,
na kodi ambayo mimi na Taras tukichanga
hatufikishi hata ya choo.

Ukutani, ghorofa ya tatu, nikakuta mirija ya shaba
isiyo ya maji wala ya moto.
"Ya barua," Taras akasema. "Walizipuliza kwa hewa, juu na chini.
Kata. Shaba inauzwa kwa kilo."
Nikakata. Kwenye kona, palipobonyea, kopo limekwama,
kofia yake ya ngozi imekauka kama ganda la chungwa.

Karatasi moja. Wino umekuwa rangi ya chai.
"Bwana Fairweather, ghorofa ya nane.
Usimwachishe kazi Hallson. Kosa la hesabu ni langu.
Nitapanda mwenyewe baada ya chakula. Ollerenshaw."
Tarehe nne Novemba, mwaka wa thelathini.

Sikukata tena mpaka saa sita.

Pengine alipanda.
Ghorofa tano si safari, na lifti ilikuwepo.
Pengine alikula, akashiba, akaona
maadamu barua imekwenda, neno limefika.
Kule chini, chumba cha tanuri, kuna daftari la mishahara
lililoota ukungu. Nililibandua kwa bisibisi.
Hallson, S., Septemba. Hallson, S., Oktoba.
Novemba jina lipo, na juu yake mstari
ulionyooka, umepigwa kwa rula.
Asiye na haraka ndiye hutafuta rula.

Bi Pruden wa kampuni alifurahi mno.
Kopo litawekwa mlangoni, ndani ya kioo, na taa yake.
"Wapangaji wanapenda historia."
Akasoma. Akasoma tena.
"Karatasi tuiache imekunjwa," akasema, "ilivyokuwa."

Leo nimefunga mabomba mapya, ya plastiki, meupe,
mle mle ukutani.
Kabla ya maji hujaribiwa kwa hewa. Nikawasha pampu,
nikapanda ghorofa ya nane,
nikavua kofia, nikaweka sikio ukutani
nikangoja.

"Inavuja?" Taras akapaza sauti toka chini.

Nikangoja kidogo tena.

"Haivuji."