Kaburi la Mfuko

Niliuzika mwezi wa tisa, baada ya kuvuna,
nyuma ya nyumba yetu hapa Hombolo,
mstari wa tatu wa mizabibu:
mfuko wa duka la Msechu, wenye jani kifuani
na maneno HUOZA WENYEWE NDANI YA MIEZI SITA.
Nikachomeka kijiti. Nikazungushia tarehe kwenye kalenda.

Chidawali, mume wangu, akacheka hadi akakohoa:
"Mama Ndahani, sasa unazika na mifuko!
Matanga tunaanua lini?"

Mvua ikaja, ikaondoka.
Mchwa wa hapa,
waliokula mguu wa kitanda
na cheti changu cha ubatizo,
waliuzunguka wakaenda zao.
Mwezi wa tatu nikachimba.

Ulitoka mzima.
Nikaufuta kwa ncha ya kanga: jani lake kijani
kuliko majani yangu yaliyoshikwa na ukungu,
na ile miezi sita inasomeka yote, herufi kwa herufi.

Nikaupeleka dukani na udongo wake.
"Unaoza, mama," akasema Msechu,
"ila kiwandani, kwenye joto maalumu."
Kiwanda hicho kiko wapi?
Akatazama barabara ya mjini
kama anayesubiri mgeni ambaye hakumwalika.
Na nani alipima?
Akasema nina maswali mengi
kwa mfuko wa shilingi mia mbili.

Tangu hapo vifungashio navisoma kama barua ya posa:
sifa zimetangulia, mimi natafuta kilichorukwa.
Sabuni "rafiki wa mazingira".
Rafiki tangu lini? Walijuana wapi?
Chupa "asilimia thelathini imerejelezwa",
hapo nasimama, maana namba ina mlango wa kubisha.
Nabisha. Kumbe wanasema kifuniko.

Jumamosi, soko la Majengo,
binti anaitwa Nyemo anauza mkaa wa maganda ya alizeti.
Gunia lake halina jani, halina ua.
Hauna moshi huu?
"Unao," akasema, "dakika tano za mwanzo.
Maganda natoa Kibaigwa, nashikisha kwa uji wa muhogo.
Wakati wa mvua haukauki vizuri,
usinunue kwangu."

Nikabeba magunia mawili.

Moshi ulidumu dakika saba.
Nitamwambia.