Dirisha Namba Tatu

Miaka kumi na tisa niliketi dirisha namba tatu,
benki ya barabara iendayo Ediofe,
kidole gumba juu ya sifongo chenye maji,
nikihesabu noti za watu wa Arua
mpaka harufu yake ikaingia kwenye ugali wangu.
Ningeweza kukwambia, macho nimefumba:
hii imetoka kwa muuza samaki,
hii imelala chini ya godoro,
hii imevuka kutoka Ariwara ndani ya soksi.

Mwaka juzi tawi likafungwa.
Wawekezaji, tuliambiwa. Binafsi.
Hatukuwaona sura wala viatu.
Walikuja kwa barua, barua ikazaa karatasi ya kusaini,
mlinzi Onzima akarudisha filimbi.
Leo mle ndani panauzwa vigae,
nami nina kibanda cha miamala, mwavuli uliopauka,
simu tatu, daftari moja, kiti cha mgeni.

Silii. Nimeona mambo.
Binti wa Mama Drateru yuko Sharjah, anafua mashuka ya hoteli.
Zamani pesa yake ilisafiri siku nne,
kila mji ikikatwa mnofu kama mbuzi wa matanga.
Siku hizi inafika chai haijapoa,
dola isiyo karatasi, isiyo sura ya mtu.
"Imepitia wapi?" ananiuliza mama.
Hewani.
"Basi hewa haili sana."
Inakula, mama. Ila kwa adabu.

Na muuza vitenge anamlipa tajiri wake wa Guangzhou
huku amesimama foleni ya chapati za mayai;
hakuna meneja wa kumwuliza baba yake ni nani.

Lakini Jumatatu alikuja Adriko,
mwalimu wa hesabu, shati mkononi linachuruzika.
Akiba ya miaka sita, sarafu za mtandaoni,
ufunguo wake maneno kumi na mawili ya Kiingereza
kwenye kikaratasi, mfuko wa kifuani.
Mkewe kafua.
Kafua vizuri, maskini, kwa sabuni ya mche.

Tuliwasha pasi ya mkaa.
Tukakilaza kikaratasi juu ya leso yangu,
tukakipitishia joto kidogokidogo
kama mtu anayemkanda mtoto mchanga.
Likajitokeza neno ngazi. Likajitokeza chungwa.
Jirani. Theluji, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga.
Saba yakarudi.
Matano yalikwenda na povu.

Akanitazama vile walivyonitazama dirishani:
dada, fanya kitu.
Zamani ningemwambia lete kitambulisho, lete picha mbili,
lete mwenyekiti wa kijiji aseme anakujua.
Ningekuchelewesha wiki mbili, Adriko, ningekuudhi,
ungetukana benki yote mpaka kwa mfagizi,
kisha ungesaini, na pesa yako ungeipata.
Hii yako haina dirisha.
Haina hata ukuta wa kutoboa dirisha.

Jioni kikundi chetu cha akina mama kilikutana:
sanduku la bati, kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiopatana.
Candiru alichelewa na ufunguo wake,
tukamngoja huku tukimsengenya.
Ng'ambo ya barabara nikamwona Adriko
amesimama peke yake, midomo inacheza,
ngazi, chungwa, jirani, theluji,
halafu anarudia mwanzo,
kama mtu aliyesalimiwa kwa jina
na aliyemsalimu hamkumbuki.