Jina Lililoshuka Mlimani

Belo lilifunguliwa Alhamisi, pale Memorial.
Mama akazamisha mkono hadi begani,
akaibuka na sweta mbili, pazia, na jezi
ya kijani, mistari myeupe, kiwiko kimetoboka.
"Vaa hii. Baridi ya Julai itakuua kifua."
Nilikuwa na miaka tisa. Sikuchagua.

Kifuani palidariziwa ndege,
korongo wa mguu mmoja,
na chini yake jina lililofumuka:
K mwanzoni, n mwishoni,
katikati matundu ya sindano.
Ndani ya ukosi mtu alikuwa ameandika kwa wino
jina la mtoto wake, asije akaipoteza shuleni.
Ikapotea hata hivyo. Ikanifikia Njoro.

Kwetu ulizaliwa Simba ama Yanga
kama ulivyozaliwa Mlutheri ama Mkatoliki.
Za Ulaya ulijichagulia mwenyewe, bandani kwa Mangowi,
shilingi hamsini, benchi la mbao,
visogo vya wakubwa kati yako na goli.
Nikauliza: Korongo anacheza lini?
Walicheka, na Mangowi akapunguza sauti ya televisheni
ili acheke vizuri.

Basi nikashabikia gizani.
Kila gazeti lililofungia maandazi nililinyoosha,
nikasoma matokeo yanayong'aa mafuta,
nikitafuta K, nikitafuta n.
Siku moja nikadhani nimempata: kafungwa matano.
Chakula hakikupita.
Mama akanigusa shingo, akasema ni malaria.

Kaka yangu Elinami alikuwa mpagazi,
kilo ishirini kichwani, njia ya Machame,
viatu vya kuazima.
Kambini Shira akamkuta mzee mgeni
amekaa juu ya jiwe, hapandi, hashuki,
na kwenye kofia yake ya sufu
ndege. Shingo ndefu. Mguu mmoja.
Elinami hakuwa na Kiingereza cha kutosha,
alikuwa nacho cha maji ya moto na pole pole.
Akamgusa yule ndege, akasema:
Dada. Dada yangu. Huyu.
Mzee akaanza kulia.
Elinami akadhani ni ugonjwa wa mlima,
akakimbilia chai.

Alishuka siku ya sita, midomo imepasuka,
mkononi kipande cha boksi la biskuti:
jina zima la timu yangu kwa mwandiko wa mzee,
na chini yake, kwa mwandiko wa Elinami,
linavyotamkwa, nisije nikaaibika.
Nililisema jikoni, kwa sauti, mara ya kwanza.
Nikalisema tena.
Maharage yakaungua.

Sasa nafungua belo zangu mwenyewe,
na jezi yoyote ikitoka naichungulia ukosi kwanza.
Korongo ameshuka daraja mara tatu,
kapanda mara moja,
na hiyo mara moja nilipiga vigelegele saa saba usiku
hadi jirani, baba Ndeshi, akatoka na panga.
Mume wangu, marehemu, aliwahi kuniuliza,
bila utani: kati yangu na hao watu?
Nilimwambia asubiri mapumziko.

Mwanangu anasema, mama, hama.
Kuna timu zinashinda. Unachoma bando bure.
Asubuhi hiyo Kibo ilikuwa imevua mawingu yote,
nyeupe kama shuka lililoanikwa.
Nikamuuliza, umewahi kufika kule?
Bado.
Mlima wa nani?
Akafunga kamba za viatu polepole.
Wetu, akasema, lakini mama, hiyo ni tofauti.

Labda.
Jumamosi tunacheza ugenini, mvua inawanyeshea, nimeona.
Tutafungwa, nadhani, moja au mbili.
Jezi hainiingii tena, naivika kiti,
na kiti nakigeuzia kaskazini,
upande wa mlima,
ambako ndiko kwao pia.