Debe kwa Debe

Tunaanzia darajani, mimi na Sayi, mtoto wa dada,
viatu mkononi maana umande haujakauka.
Kushoto mto Simiyu, rangi ya chai iliyochujwa vibaya,
kulia mashimo: hili, na lile, na lile la matete,
ambayo siku hizi watu wanayaita maziwa
bila kucheka.

Njia ni tuta jembamba. Mmoja mbele, mmoja nyuma.

Zamani hapa palikuwa pakavu, pana kelele:
nyundo, nyundo, nyundo,
redio ya Lugembe, betri zake zimeanikwa juani,
na mama, mguu mmoja kaukunja, mmoja kaunyoosha,
jiwe katikati, limevishwa pete ya mpira wa baiskeli
ili vipande visimrukie machoni.
Vilimrukia hata hivyo.
Jicho lake la kushoto lilikuwa na wingu dogo
tusilothubutu kuliuliza habari.

Debe la kokoto, nusu ya bei ya kilo ya sukari.
Na debe lenyewe la mkandarasi
lilikuwa limegongwagongwa kwa ndani, limetuna
kama shavu la mwenye jino bovu.
Wote tulilijua.
Tulilijaza.

"Mjomba, lipi lina kina kirefu?"
La tatu, namwambia. La Nkwimba.
Huyo alichimba mpaka ngazi ikaisha,
akaifungia ngazi nyingine, akashuka tena,
mpaka akabaki sauti tu.
Siku maji yalipoanza kuchuruzika miguuni pake
alipanda juu taratibu, akakung'uta kanga,
akasema, "Ardhi imetoka jasho, nami nimetoka jasho,
tuachane,"
akaenda zake kulima mpunga.

Kisha ikaja ile mvua.
Mto ulivuka tuta usiku, haukubisha hodi.
Asubuhi tulikuta nyundo zetu
ziko chini ya samaki.

Sasa kuna yungiyungi. Kuna mdiria
amesimama hewani kama msumari
uliopigwa mahali pasipo na ukuta.
Kamongo anapanda kuvuta pumzi,
anaguna kama mtu anayekaa kitako baada ya safari,
anazama.
Kuna kibao cha halmashauri: USIOGE. KICHOCHO.
Na juu ya kibao, suruali ya mtu imeanikwa,
na kipande cha sabuni, kibichi bado.

Sayi anacheka mpaka anakohoa.

Sijamwambia bado habari ya wodi.
Kwamba alizaliwa mjini Mwanza, ghorofa ya tatu,
na kwamba bibi yake alizipanda ngazi zile kumwona,
akipumzika kila baada ya tano,
na alipofika juu hakwenda kwanza kitandani.
Alisimama mlangoni akaigonga sakafu kwa kisigino,
mara moja, mara mbili,
kama mnunuzi anavyogonga chungu sokoni.
"Hii yangu," akasema.
Nesi alimletea kiti na maji,
akadhani mama wa watu anaweweseka.

Nitamwambia. Si leo.
Leo ameokota kokoto moja nyuma ya mizizi,
ya kona tatu, iliyopondwa kwa mkono, nazijua,
anaipima kiganjani, anavuta mkono nyuma,
na kabla sijafungua mdomo
imeshakwenda.
Duara, na duara, na duara
mpaka yungiyungi la ng'ambo likainama kidogo.

"Imefika kwa Nkwimba?"
"Bado," nasema. "Sikiliza."
Akasikiliza kweli, kichwa upande, mdomo wazi.

Tulipogeuka kurudi, jua limekwisha kula umande,
tulivaa viatu.
Mto ulikuwa kushoto wakati wa kuja; sasa ulikuwa kulia
na haukugeuka nasi,
ulikuwa unaendelea kwenda ziwani, lile kubwa,
umebeba mchanga ambao hakuna aliyeupimia debe.