Jozi Tatu Juu ya Meza

Jozi tatu za pedeli zimelala kwenye meza ya jikoni,
juu ya gazeti la jana, kati ya chumvi na siagi.
Binti yangu Tuulikki anauliza tutazila na nini.

Huku Oulu, Novemba, jua huchungulia saa tatu na ushei
na kabla ya saa tisa limekwisha kuaga.
Mimi ni mkunga. Watoto hawangoji barabara ifagiliwe theluji,
nami siwezi kumwambia mama mwenye uchungu: subiri, nimeanguka.
Kwa hiyo nachagua.
Mchagua jembe si mkulima, husemwa;
aliyesema hakuwahi kukanyaga hewa
kwenye mteremko wa daraja la Tuira,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

Hizi za kwanza ni za alumini,
nyembamba kama biskuti, vijino kumi kila upande.
"Zinashika kama deni," aliniambia Aulis wa dukani,
akizipima kiganjani kama mtu anayenunua samaki.
Nilizijaribu wiki nzima. Kweli zinashika.
Siku niliyokosea kukanyaga, moja ilizunguka ikanidai kwenye muundi:
alama nne nyekundu, zimepangika kama mishono.
Na alumini ina kiu. Hunywa joto la unyayo kupitia soli
hadi nafika wodini na vidole vya mtu mwingine.

Za pili, nailoni, rangi ya karoti, bei nusu.
Nene. Pana. Buti langu lenye bitana ya manyoya
linatua lote, halining'inii pembeni.
Vijino vyake ni vya nailoni hiyo hiyo, butu kama meno ya mtoto;
Aulis anasema vitalika kabla ya baridi ya pili kwisha.
Nimezizungusha kwa kidole karibu na sikio,
nisikie beringi: kimya, kisha kimya.

Na hizi ni za baba.
Mpira mweusi juu ya chuma.
Ya kulia imelika hadi ina upara.
Ya kushoto bado ina matuta yake yote, karibu mpya,
maana tangu siku ya msumeno, kule kiwandani kwa mbao,
mguu wa kushoto ulikuwa abiria tu.
Miaka thelathini na mmoja ule wa kulia uliulipia nauli.

Nilipozing'oa bandani, mwanzo wa mwezi,
ya kulia ilitii mara moja.
Ya kushoto ilikataa. Nikaielemea spana kwa mwili wote,
nikagonga, nikamwaga mafuta, nikatukana kwa sauti ya chini,
mpaka nikamkumbuka kwenye benchi lake, mikono imejaa grisi:
"Ya kushoto ina akili zake, Vieno. Hufunguka kinyume."
Nusu saa nzima nilikuwa naikaza.
Nikageuza mkono. Ikaachia
kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa vizuri.

Nimefunga za nailoni.
Za alumini nitamuuzia Ilpo wa jirani,
anayeruka ngazi na kuhesabu makovu yake kama nishani.
Za baba sijui niziweke wapi. Kwa sasa ziko rafuni, karibu na unga;
Tuulikki amekwisha kuzipa majina, hataki kuniambia.

Simu ililia saa tisa za usiku.
Darajani, upepo wa mtoni ukinisukuma ubavuni,
nikasimama juu ya pedeli, uzito nusu kwa nusu,
miguu yote miwili ikifanya kazi,
nikaona haya kidogo,
kama anayekula mbele ya mwenye njaa.