Ila Jirani

Duluth, wiki ya mwisho kabla ya kura.
Bwana Halvorsen ameegemea koleo la theluji,
hanikaribishi ndani.
"Mwanamke awe rais? Mimi sina neno, binti.
Ila huyo jirani."

Jirani ni fundi bomba, kamshika mbwa ukosi:
"Kura yangu anayo. Andika.
Ila yule bibi wa pazia la kijani,
wale watu wa kanisa, unawajua."

Bibi Ardis ananipa kahawa, mwenyewe hakai.
Aliwahi kusimamia zamu ya usiku, kiwanda cha karatasi,
wanaume sitini na mmoja.
"Walikuwa tayari?" nauliza.
"Nani, wale? King'ora kililia,
wakavaa glavu."
Anacheka mpaka kahawa inamwagika.
Kisha anasogeza pazia kidogo,
anaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara:
"Ila Halvorsen, maskini, hatoweza."

Nimeketi garini, soksi zimelowa.
Fomu inataka ndiyo au hapana.
Nyumba tatu: ndiyo tatu,
na hapana tatu, za watu walewale.

Mama anapiga simu: wanasemaje huko?
Wako tayari, namwambia.
"Hata mimi," anasema, halafu kimya,
namsikia akivuta pumzi ya kusema ila.